Chungu, Bakuli, Kopo na Mtungi: Safari ya Miritini



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, alinijia mzee mmoja ninayemheshimu, akanivuta kando penye viatu, akaniambia, "Sheikh, nakuomba ukanisemee na watoto wangu Miritini. Wameoana hawajatimiza mwaka, na sasa binti amefunga nguo zake, ataka kurudi kwa mamake." Nikamuuliza sababu. Nilitaraji kusikia yale tuyasikiayo kila siku katika suluhu za ndoa: simu, marafiki, wifi, mke wa pili. Mzee akainamisha kichwa. "Vyombo," akasema. "Wagombana kwa vyombo vya jikoni."

Nakiri kwamba nilicheka kidogo. Nilipofika kule sikucheka tena.

Tulikwenda Jumapili asubuhi, mimi na ahali yangu, kwa kuwa maneno ya jikoni mwanamume hayasikii yote, na mengine hayamhusu. Matatu ilitupitisha daraja la Makupa, ikapanda Changamwe, ikabanwa na malori ya makontena kutoka Mikindani hadi Kwa Jomvu, na ilipotushusha Miritini kanzu yangu nyeupe ilikuwa imeshageuka rangi ya barabara. Wenzangu wa makamo mtaikumbuka Miritini ya minazi na mihogo, ambako mtu wa mjini alikuwa akienda kwa harusi au kwa mazishi tu. Sasa mambo ni mengine. Reli mpya ilipozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, kituo chake kikuu cha Mombasa hakikuwekwa mjini bali hapa, na kila treni ya Nairobi ikifika hushusha watu na mizigo yao kando ya mashamba ya jana. Barabara ya Dongo Kundu nayo yaanzia hapa. Penye reli na barabara pana vibarua, na penye vibarua pana nyumba za kupanga: chumba kimoja au viwili, choo cha shirika, na jiko popote mtu atakapolipatia nafasi.

Nyumba ya vijana wetu ilikuwa ya vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza palikuwa na kabati la vioo limejaa sahani na glasi ambazo hazijaguswa na maji. Kando yake jiko kubwa la umeme lenye oveni, bado limo ndani ya boksi lake, limetandikwa kitambaa na kuwekwa televisheni juu. Nyuma ya pazia ndiko kulikopikwa. Huko niliona jiko la makaa lililopasuka ubavu, sufuria moja nyembamba iliyobonyea, mwiko, na dumu la lita 20 lisilo na kifuniko. Sufuria yenyewe, tulikuja kuambiwa baadaye, ilikuwa ya jirani.

Habari ikatoka kidogo kidogo. Mama wa binti alikopa katika chama cha kina mama na tena kwa simu, ili mwanawe asiingie nyumba ya watu mikono mitupu. Kijana naye alichukua lile jiko la oveni dukani kwa malipo ya kila mwezi, kwa sababu binamu yake alipooa alikuwa nalo. Kijana hufanya kibarua katika yadi ya makontena. Siku yenye kazi hulipwa, na siku isiyo na kazi hulipwa subira. Deni la oveni halijui siku hizo. Basi binti alipoomba pesa ya kununua sufuria, jirani akiwa ameidai yake, mume akamjibu, "Muulize mamako, si ndiye aliyeleta vyombo?" Neno hilo ndilo lililofungisha nguo.

Enyi kina mama na kina baba, neno hilo si geni majumbani mwetu. Katika ada zetu wazazi wa bibi harusi hujitahidi kumpa binti yao vyombo, na ni ada njema inapofanywa kwa uwezo. Lakini ada imetufanya tusahau hukumu. Waliokaa chuoni wakasoma fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafi wanaijua Minhaji ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277 Miladi. Katika mlango wa nafaka, Imam huyu mtu wa Sham, ambaye yeye mwenyewe hakuoa, anashuka hadi jikoni. Anasema kuwa mke ana haki ya kupewa na mumewe vyombo vya kulia, vya kunywea na vya kupikia, kisha anatoa mifano minne: chungu, bakuli, kopo na mtungi. Kabla ya hapo ameshasema kwamba hata gharama ya kusaga nafaka na kuoka mkate ni juu ya mume. Nimeisomesha sehemu hiyo kwa miaka mingi, nikiipita kwa haraka ili tufike kwenye mambo niliyoyaona makubwa zaidi. Siku ile, nimeketi juu ya mkeka nikitazamana na boksi la oveni, ndipo nilipoona kuwa ile ni orodha kamili ya jiko: kitu cha kupikia, kitu cha kupakulia, kitu cha kunywea na kitu cha kuwekea maji.

Nikamwambia kijana, kwa upole lakini bila ya kuzunguka, kwamba sufuria ni deni lake yeye kabla ya oveni. Vile alivyokuja navyo mkewe ni mali ya mkewe, akitaka atumie, akitaka aviweke, akitaka auze, na kuwapo kwake hakumwondolei mume wajibu hata wa kijiko kimoja. Akanyamaza. Mkewe naye, ambaye alikuwa ameanza kutabasamu nyuma ya buibui, ahali yangu akamgeukia. "Na wewe mwanangu, niambie, juma hili umepika nini?"

Swali hilo lilinipendeza kuliko hotuba yangu yote. Binti akahesabu kwa vidole: wali wa nazi mara mbili, mchuzi wa samaki wa ukwaju, maharagwe, sima na mchicha, chapati siku ya Ijumaa, na chai kila asubuhi. Hakutaja keki. Hakutaja kuku wa kuoka. Ahali yangu akachana karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaanza kuandika nyuma yake vitu vinavyotakiwa na vyakula hivyo tu, na kila alichokiandika alimuuliza binti, "Hiki chatumika mara ngapi kwa juma?" Kisichotumika hata mara moja hakikuandikwa.

Cha kwanza kilikuwa chungu, na kwa chungu mkaazi wa Miritini hana haja ya kwenda Kongowea wala Marikiti. Chini yao tu, kuelekea mkono wa bahari wa Tudor, iko Jomvu Kuu, mji wa Wajomvu, mmoja wa miji ya kale ya Waswahili wa Mombasa, na wanawake wa Jomvu Kuu wanajulikana tangu zamani kwa kufinyanga. Tuliteremka sote wanne kwa miguu baada ya adhuhuri. Mama mmoja mtu mzima alitukaribisha uani kwake, akanitazama kanzu iliyojaa vumbi, akasema, "Karibu mwanangu, umefinyangwa nawe?" Alikuwa na vyungu vya kadiri mbalimbali, mikungu ya kufunikia, makaango ya samaki na vyetezo vya kufukizia ubani.

Akatufunza kuchagua. Chungu hubebwa kwa mkono mmoja chini, kisha hugongwa kwa kifundo cha kidole. "Kizima hulia," akasema, "chenye ufa husema kama mtu mwenye mafua." Akagonga viwili tuvisikie, na kweli tofauti ilikuwa hiyo. Ukingo uwe sawa ili mkungu ukae bila ya kucheza. Ndani papitishwe kiganja, pasiwe na chembe inayokwaruza. Baka jeusi la moshi si kasoro, ni alama ya pale kuni zilipokilalia wakati wa kuchomwa. Kikifika nyumbani kilowekwe usiku kucha, kikauke, kipakwe mafuta ya nazi ndani, kisha kichemshiwe maji yenye chicha kwa moto mdogo na maji hayo yamwagwe. Kisitiwe maji baridi kikiwa cha moto. Kisioshwe kwa sabuni ya unga, kwa kuwa udongo hunyonya, na sabuni hiyo utaila kwenye mchuzi wa kesho. Kwa anayepikia gesi, moto uanze mdogo kabisa, la sivyo ufa atausikia kabla ya kuuona.

Faida yake kubwa ni kwa vyakula vya uchachu. Ukwaju, ndimu, tungule na siki humung'unya aluminiamu polepole, ndiyo maana mchuzi wa ukwaju uliolala ndani ya sufuria huacha doa na ladha ya chuma. Chungu cha udongo hakina tabia hiyo. Mabibi zetu hawakusoma kemia, lakini samaki wa ukwaju hawakumpika ila ndani ya kaango.

Hata hivyo si kila kitu ni cha chungu. Wali wa kila siku, maharagwe ya saa mbili na maji ya chai vyahitaji sufuria, na karatasi yetu iliandikwa tatu: ya chai, ya wali, na moja kubwa ya wageni. Kitako kiwe kizito, kwa sababu kitako chembamba huunguza wali chini na kuuacha mbichi juu, kisha lawama humwendea mpishi. Kifuniko kiwe chake chenyewe.

Hapa niliongeza neno langu. Sisi watu wa upande huu wa Changamwe na Jomvu hatuna haja ya kusomewa madhara ya madini ya risasi. Pale Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaachia wakaazi sumu hiyo hata kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikazidi kupanda katika mahakama za juu. Watoto ndio wanaoumia zaidi na risasi, katika akili na katika ukuaji. Sasa yako masufuria mazito yanayosubiwa mitaani kwa vyuma chakavu vya kila aina vilivyoyeyushwa pamoja, na watafiti waliopima sufuria za namna hiyo nchini Kameruni walikuta risasi ikitoka na kuingia katika chakula. Sisemi kila fundi wa mtaani anauza sumu, na wengi wao ni watu wa haki. Nasema muulize fundi ameyeyusha nini, na akishindwa kukujibu, nunua sufuria ya bati safi la kiwandani hata kama ni ndogo zaidi.

Tulipofika kwenye nazi, mimi na ahali yangu tulikhitilafiana mbele ya watu. Nilitaka iandikwe mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kukamulia, nikaeleza kwamba mbuzi haina waya wala haikatikiwi na umeme, na kwamba tui la kifumbu halina mfano. Ahali yangu akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Sheikh, mara ya mwisho kukaa juu ya mbuzi ilikuwa lini?" Kijana alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Ahali yangu akaendelea kusema kwamba binti huyu ameitwa kazi katika kiwanda cha kushona nguo, ataondoka na giza na kurudi na giza, na kwamba blenda itampa tui kwa dakika chache, akiwa na chujio la waya mkononi. Nikasalimu amri nusu. Iliandikwa mbuzi sasa na blenda baadaye, itakaponunuliwa kwa pesa taslimu. Nashikilia kwamba tui la mbuzi ni bora. Nashikilia vilevile kwamba anayelisema hilo ndiye anayepaswa kukuna.

Mengine tuliyapita mbio: kisu kimoja kizuri cha chuma kinachonoleka badala ya sita vya rangi rangi, ubao wa kukatia, upawa, miiko miwili, mmoja usiguswe na vitunguu ili uwe wa uji na maziwa, chuma cha chapati na kibao chake, karai dogo, na sinia. Juu ya sinia hapakuwa na ubishi. Watu sita waweza kula katika sinia moja, na likioshwa ni chombo kimoja badala ya sahani sita, jambo ambalo mwenye kununua maji kwa dumu hulifahamu vyema.

Moto ulituchukua muda. Jiko lenye udongo ndani, lile lililobuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, hula makaa machache kuliko la bati tupu, na kwa maharagwe na mchuzi wa polepole sioni la kulishinda. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake wafaa kwa chai ya alfajiri na daku ya Ramadhani. Vijana wale walihitaji kimoja kwanza, wakachagua gesi, na mpira na koki vikaangaliwa kwa povu la sabuni: povu likivimba, gesi yavuja. Lakini jambo lililonitia hofu ni lingine. Binti alisema kwamba usiku wa mvua jiko la makaa huingizwa ndani, na dirisha hufungwa kwa ajili ya mbu. Nikamsimamisha mumewe nikamwambia asithubutu tena. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, mtu husikia usingizi tu, na wengine huwa hawaamki. Ikiwa ninyi wasomaji mwapika ndani ya chumba cha kulala, mlango uwe wazi, na jiko litoke kabla ya watu kulala hata kama mvua yanyesha.

Nimeuchelewesha mtungi kwa makusudi. Katika ile orodha ya Imam Nawawi ndio wa mwisho, na Miritini ingestahiki kuwa wa kwanza. Maji ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo, hushuka kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi Mazeras, ambako ni mwendo mfupi tu juu ya Miritini, na bado mifereji ya hapa hupitisha siku ikipumua upepo. Watu hununua maji ya mkokoteni, dumu kwa dumu. Jiko lisilo na mahali pa kuweka maji ya siku tatu ni jiko la siku moja. Vijana wale walikuwa na glasi 24 na hawakuwa na maji ya kutia ndani yake.

Basi karatasini liliandikwa pipa la plastiki la lita 100, jipya, lisilowahi kubeba dawa za kiwandani, na karibu nalo likaandikwa kwa herufi kubwa: KIFUNIKO. Wengi wetu twadhani mbu huzaliana katika maji machafu pekee. Mbu wa homa ya dengi hupenda maji safi yaliyowekwa majumbani, huuma mchana, na Mombasa imepata milipuko ya homa hiyo, ukiwemo wa mwaka 2013 na wa mwaka 2017. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliamrisha vyombo vifunikwe usiku. Pipa liwe na kifuniko kinachobana, liwe na kata yake yenye mpini mrefu ili mkono usizame majini, na lioshwe kwa kusuguliwa kila juma, kwa sababu mayai ya mbu huyo hugandamana na ukuta wa chombo hata maji yakipungua.

Karatasi ilipojaa, mama wa binti aliwasili, amekwishapata habari. Alikuwa na uchungu, na alikuwa na haki ya kuwa nao. Alidhani tunamwambia kwamba amekosea kumpenda mwanawe. Nikamkumbusha Bibi Fatma, radhi za Allah zimshukie, aliyeingia nyumbani kwa Sayyidna Ali na nguo ya kujifunika, mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende, mawe mawili ya kusagia, kiriba na mitungi miwili. Mama akakaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Mawe yalikuwa mangapi?" Mawili, nikamwambia. "Basi hata yeye alipewa vya kazi," akasema, na akavua viatu.

Duka lililichukua jiko la oveni bila ya kurudisha kile kilicholipwa, na kijana alilimeza hilo. Binti, kwa hiari yake, aliuza nusu ya glasi na sahani kwa mpishi wa maharusi, mama yake akalipa sehemu ya deni la chama. Deni la simu lingali lipo. Pesa ya pipa na ya sufuria ilitoka mfukoni mwa mume, kwa vipande, sufuria moja kila Jumamosi.

Juma lililopita walitualika chakula cha mchana. Tulipobisha hodi tulikuta pipa limesimama pembeni na kifuniko chake kimewekewa jiwe, kaango la Jomvu Kuu latoa harufu ya ukwaju, na kijana ameketi juu ya mbuzi, miguu upande, akikuna nazi kwa bidii na bila ya ustadi. Alipotuona alitaka kuinuka kwa haya. Ahali yangu akamwambia aendelee, kwa kuwa nazi ya pili bado ilikuwa haijavunjwa.